Sura ya Tano: Kila Kisanduku na Jina Lake

Jioni moja rafiki yangu asiyeona aliniita nikae naye wakati anaomba nafasi ya mafunzo kwenye tovuti ya taasisi moja. Hakutaka nimjazie fomu, alitaka niisikie. Akaweka kompyuta mezani, akapandisha sauti, akabonyeza kitufe cha Tab. Programu inayomsomea skrini ikatamka: "Sehemu ya kuandika, tupu." Akabonyeza tena. "Sehemu ya kuandika, tupu." Mara ya tatu, ya nne, ya tano, maneno yale yale. Mimi nilikuwa naiona fomu nzima: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, namba ya simu, barua pepe, kila neno limekaa juu ya kisanduku chake, mistari imenyooka, rangi zinavutia. Yeye alikuwa mbele ya visanduku kumi na kimoja visivyo na majina.

"Haya kaka, hapa naandika nini?" akaniuliza.

Nikamsomea kimoja baada ya kingine, akajaza, akatuma. Kazi ya dakika tano ilituchukua karibu saa nzima. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa inatamka kila alichoandika, mambo yake ya ndani, tangu mwaka wa kuzaliwa hadi kipato cha mwezi, yalipitia masikioni mwangu bila yeye kupenda. Swali lake limenikaa tangu siku ile, na ndilo lililozaa sura hii.

Karani aliyeondoka dirishani

Fomu ya karatasi ilikuwa na bahati yake: mwisho wa safari ilimfikia mtu. Ukiandika tarehe ya kuzaliwa kwenye mstari wa anwani, karani alikuita dirishani ukarekebisha. Asiyejua kusoma alisomewa. Swali lililoandikwa vibaya lilifafanuliwa kwa mdomo. Aliyepanga fomu ile alihitaji tu kulisaidia jicho, kwa sababu nyuma ya jicho palikuwa na akili ya binadamu.

Wavuti ilipoanza katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, kurasa zake zilikuwa za kusoma zaidi kuliko za kujaza. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kikaanza kuonyesha fomu. Novemba 1995 fomu ziliingia katika HTML 2.0, kiwango cha lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kilichoandikwa na Tim Berners-Lee na Dan Connolly. Kiwango hicho kilikuwa na visanduku vya kuandikia, orodha za kuchagua na vitufe vya kutuma. Kilichokosekana ni namna ya kusema kwamba neno hili ni la kisanduku kile. Mwandishi wa ukurasa aliandika "Jina", akaweka kisanduku pembeni, akaliachia jicho kazi ya kuviunganisha. Tagi (alama ya msimbo) ya kuviunganisha ilikuja na HTML 4.0, Desemba 1997.

Tagi imekuja, lakini mazoea ya karatasi hayajaondoka. Bado tunapanga fomu kana kwamba karani yupo dirishani, ilhali nafasi yake imeshikwa na programu. Kivinjari kinataka kukusaidia kujaza anwani yako. Kisoma-skrini kinamsomea asiyeona. Seva inapokea majibu na kuyapanga kwenye hifadhidata. Zote hizo hazijui kwamba kitu kilichokaa juu ya kingine kinakihusu. Zinajua kilichoandikwa kwenye msimbo, basi. Kisichosemwa humo hakipo kwao, hata kiwe kimeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani kwenye skrini.

Lebo na kamba yake

Tazama mistari miwili hii, ambayo kwa maoni yangu kila anayejifunza kutengeneza tovuti angepaswa kuijua kabla hajajifunza kupaka rangi:

<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input id="simu" name="simu" type="tel" autocomplete="tel">

Mstari wa kwanza ni lebo, wa pili ni kisanduku. Angalia neno "simu" linalorudiwa: lebo inasema ni ya kitu chenye kitambulisho "simu", na kisanduku kinaitika kwamba ndicho. Hiyo ndiyo kamba. Ikishafungwa, kisoma-skrini kikifika hapo kitatamka "Namba ya simu, sehemu ya kuandika." Sifa ya "type" inaiambia simu ilete kibodi ya tarakimu. Hiyo ya mwisho, "autocomplete", tutairudia, maana ina historia yake.

Lebo iliyofungwa inamsaidia pia anayeona. Ukigusa maneno yenyewe, kishale kinaruka na kuingia kisandukuni. Kwa mzee ambaye mkono unatetemeka, au kwa mtu yeyote anayejaza fomu kwa kidole gumba ndani ya daladala, shabaha imekuwa kubwa maradufu. Kwenye vile visanduku vidogo vya kutia alama ya vema, tofauti hii ni kubwa mno.

Wengi wanadhani wameweka lebo kumbe wameweka kivuli chake. Wanaandika maneno ya rangi hafifu ndani ya kisanduku chenyewe, yanayofutika mara tu unapoanza kuandika. Ukikatizwa katikati, ukirudi huna tena cha kukukumbusha ulikuwa unajibu nini. Wengine wanachora umbo tupu na kulipamba lifanane na kitufe. Kwa jicho ni kitufe, kwa mashine ni pambo. Kanuni ya kwanza ya wataalamu wa ufikivu, yaani wa kuhakikisha tovuti inatumika na kila mtu, ni ya kawaida kabisa: kama HTML ina tagi ya kitu unachotaka, itumie hiyo hiyo kabla ya kubuni yako.

Kosa hili limeenea. Shirika la WebAIM la Marekani, tangu 2019, hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Katika ukaguzi wa 2024, karibu nusu ya kurasa hizo zilikuwa na visanduku visivyo na lebo. Hilo ni kosa ambalo dawa yake ilipatikana tangu 1997, na inahitaji mstari mmoja.

Ndiyo ya swali gani?

Kuna mahali ambapo lebo peke yake haitoshi. Fikiria fomu ya kliniki. Swali la kwanza: "Je, una mzio wa dawa yoyote?" Chini yake vitufe viwili vya kuchagua, Ndiyo na Hapana. Swali la pili: "Je, una ujauzito?" Ndiyo na Hapana. La tatu: "Je, umewahi kufanyiwa upasuaji?" Ndiyo na Hapana. Mtengenezaji amekuwa mwangalifu, kila kitufe amekifunga lebo yake. Mgonjwa asiyeona anapopita anasikia: "Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Hapana." Majibu yote yapo, maswali hayapo. Akibahatisha, huenda akapewa dawa inayomdhuru.

HTML 4.0 ilileta jibu la hili pia. Tagi ya "fieldset" ni uzio unaozunguka vitu vya kundi moja, na tagi ya "legend" ni bango la uzio huo. Swali la mzio likiwekwa kwenye "legend", kisoma-skrini kikiingia ndani ya uzio kinatangaza kwanza: "Je, una mzio wa dawa yoyote?" ndipo kinasoma Ndiyo na Hapana. Uzio huo huo unafaa kwa anwani mbili katika fomu moja, ya nyumbani na ya kazini. Bila uzio, "Mtaa" wa kwanza na "Mtaa" wa pili ni mapacha wasiotofautishwa.

Makosa nayo yanahitaji kutamkwa. Fomu nyingi zikikataa jibu hukipaka kisanduku rangi nyekundu na kunyamaza. Rangi haisikiki, na wapo wanaoona lakini hawatofautishi nyekundu na kijani. Andika kosa kwa maneno, "Namba ya simu ina tarakimu 9, inatakiwa 10", kisha kwa sifa ya "aria-describedby" yafunge maneno hayo kwenye kisanduku chake kama ulivyofunga lebo.

Tarehe, saa na tarakimu

Kisanduku kikishapata jina, kinachofuata ni kusema aina ya jibu kinachotarajia. Hapa ndipo fomu za Afrika Mashariki zinapoumia zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Anza na tarehe. Ukiandika 03/04/2025, Dar es Salaam ni tarehe tatu Aprili, Chicago ni tarehe nne Machi. Kisanduku cha aina ya "date" kinamaliza ubishi: kila mtu anaonyeshwa tarehe kwa mpangilio wa kifaa chake, lakini seva inapokea umbo moja, 2025-04-03, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.

Saa ni ngumu zaidi, kwa sababu sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze. Mgonjwa akiulizwa muda wa miadi ndani ya kisanduku cha maandishi ya kawaida, ataandika "saa 2", akimaanisha asubuhi jua likiwa limeanza kupanda. Mashine ikichukua ile 2 kama ilivyo, imempangia miadi saa nane za usiku. Kisanduku cha aina ya "time" kinapeleka muda kwa saa 24, lakini kinamlazimisha mgonjwa ajumlishe na kutoa kichwani. Njia ninayoipenda ni orodha ya kuchagua ambamo kila chaguo lina sura mbili. Anayesoma anaona "Saa mbili asubuhi". Thamani iliyofichwa nyuma yake ni 08:00. Anaona "Saa kumi jioni"; seva inapata 16:00. Kila upande unazungumza lugha yake na wanaelewana. Sioni mfano bora wa kazi ya msimbo wenye maana: mtu habadilishwi ili aufae mtambo.

Kisha tarakimu. Namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Mtengenezaji anaona tarakimu tupu, anachagua kisanduku cha aina ya "number". Hapo amekosea maana. "Number" ni ya vitu vinavyohesabika: idadi ya watoto, kilo za mahindi. Kitambulisho hakijumlishwi wala hakigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Na madhara yake ni ya kweli. JavaScript, lugha inayoendesha kurasa nyingi, hutunza namba nzima kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Ikiifanya namba ya NIDA kuwa namba ya hesabu, tarakimu za mwisho hazina uhakika tena, na kitambulisho chako kinaweza kugeuka cha mtu asiyekuwepo. Namba ya simu inayoanza na 0 nayo, ikihesabiwa, inapoteza ile sifuri ya mbele. Dawa ni kutumia kisanduku cha maandishi na kuongeza sifa ya "inputmode" yenye thamani "numeric". Kibodi ya tarakimu itakuja vile vile, na kilichoandikwa kitabaki kama kilivyoandikwa.

Msamiati wa pamoja

Sasa turudi kwenye "autocomplete". Lebo inamwambia binadamu kisanduku kinataka nini, kwa lugha yoyote ile. Mashine inahitaji neno moja linalotumika dunia nzima, ili "Namba ya simu", "Nambari ya rununu" na maneno ya Kijapani ya maana hiyo hiyo yote yafahamike kuwa kitu kimoja.

Jaribio la mapema lilitoka kwenye biashara. Mwaka 1999 ulichapishwa mpangilio ulioitwa ECML, uliotaka maduka yote ya mtandaoni yatumie majina yale yale kwa visanduku vyao. Jina la kwanza la mpokeaji mzigo, kwa mfano, liitwe "Ecom_ShipTo_Postal_Name_First". Maduka hayakulazimika, na mengi yaliendelea na majina yao. Vivinjari vikabaki kubahatisha, vikitafuta maneno vinavyoyajua karibu na kisanduku. Fomu iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotunga orodha ya maneno hayo hawakuifikiria ilibaki na Mungu wake.

HTML ya sasa imefanya la maana: imetoa orodha ya maneno zaidi ya hamsini ya kuweka kwenye sifa ya "autocomplete". "Tel" ni simu, "email" ni barua pepe, "bday" ni siku ya kuzaliwa, "street-address" ni anwani, "one-time-code" ni ule msimbo wa mara moja unaoletwa kwa ujumbe mfupi. Juni 2018 miongozo ya ufikivu ya WCAG 2.1 ikalifanya jambo hili kuwa sharti, katika kigezo namba 1.3.5: kisanduku kinachouliza habari za mjazaji mwenyewe kitaje kusudi lake kwa namna ambayo programu inaweza kulitambua. Waliofikiriwa zaidi ni watu wenye shida ya kumbukumbu au ya kusoma. Programu ikijua kusudi la kisanduku, inaweza kumwonyesha mtu picha ya simu mahali pa maneno, au kumjazia anachokisahau kila mara.

Lakini jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina. Orodha hiyo ina "given-name" kwa jina la kupewa na "family-name" kwa jina la ukoo. Mtu wa Unguja anayeitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake hana jina la ukoo kwa maana hiyo. Jina la tatu ni la babu, na mwanawe hatalibeba mahali hapo hapo. Ukimlazimisha akate jina lake vipande vitatu na kuvibandika maana isiyokuwepo, umeingiza uongo kwenye hifadhidata, na siku ya kulinganisha na cheti cha kuzaliwa ndiyo atakayosumbuliwa. Orodha hiyo hiyo ina neno "name", la jina zima. Kisanduku kimoja kirefu, lebo "Majina kamili", kusudi "name". Kama sheria haikudai vipande, usivikate.

Na juu ya yote, ukurasa wenyewe utaje lugha yake. Mwanzoni mwa kila ukurasa wa HTML kuna nafasi ya sifa ya "lang". Kwa Kiswahili inaandikwa "sw". Tovuti nyingi za kwetu zimejengwa juu ya violezo vya kununua ambavyo vimeandikwa "en", na hakuna aliyebadilisha. Matokeo yake, kisoma-skrini kinasoma "jina la ukoo" kwa ulimi wa Kiingereza, na msikilizaji anaambulia mafumbo. NVDA, kisoma-skrini cha bure kilichoanzishwa 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, ambaye baadaye aliungana na mwenzake asiyeona, James Teh, huja na sauti za eSpeak, na Kiswahili kimo. Sauti ipo tayari. Inasubiri herufi mbili.

Wasomaji wapya

Juni 2011 Google, Bing na Yahoo zilianzisha schema.org, msamiati wa kueleza yaliyomo kwenye kurasa: hii ni hoteli, hili ni tamasha, hii ni bei. Mwaka 2014 ukaongezewa vitendo, hivi kwamba ukurasa unaweza kutangaza kuwa hapa mtu anatafuta, hapa anaweka nafasi. Na sasa wamefika wasaidizi wa akili unde, programu unazoziagiza zikujazie fomu kwa niaba yako. Nyingi husoma ule ule mti wa ufikivu, yaani mpangilio wa vitu vya ukurasa na majina yake, ambao kivinjari kilikuwa kinamtengenezea asiyeona. Kisanduku kisicho na jina kinazikwamisha kama kilivyomkwamisha rafiki yangu.

Nafurahi kwamba biashara sasa ina sababu ya fedha ya kuweka lebo. Naumia pia, kwa sababu watu walikuwa wanaomba kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kama una tovuti, au unamlipa anayekutengenezea, fungua fomu yako sasa hivi kwenye simu. Gusa maneno yenyewe, "Namba ya simu", usiguse kisanduku. Kibodi ikipanda, kamba imefungwa. Isipopanda, kuna mtu mahali fulani anasikia "sehemu ya kuandika, tupu."

Wiki moja baada ya jioni ile, nilihifadhi nakala ya ukurasa ule kwenye kompyuta yangu. Niliongeza lebo kumi na moja na kubadilisha "en" kuwa "sw". Ilinichukua chini ya nusu saa. Nikampelekea rafiki yangu, sikumwambia kitu. Akabonyeza Tab.

"Jina la kwanza, sehemu ya kuandika."

Akabonyeza tena, na tena, mpaka mwisho, bila kuandika chochote. Kisha akarudi mwanzo, akapita upya, akisikiliza tu.

"Sasa kaka," akasema, "unaweza kutoka nje."